Jina Lililokwamisha Kompyuta za Masara

Hili sikusimuliwa na mtu. Nililiona mwenyewe mchana peupe, nikiwa na akili timamu. Mimi ni fundi wa sistimu za kompyuta hapa Homa Bay, na kitu nisichoweza kukijaribu mara mbili huwa sikiamini.

Mama Risper ana duka Masara, kule kwa wachimba dhahabu. Huwauzia kamba, nyundo na betri za tochi. Alinipigia simu akilalamika: sistimu inaenda vizuri, halafu ghafla inaganda, wateja wanaondoka. "Nadhani ni huyu Akoth wangu wa kaunta anaichezea. Nikijua ni yeye, anaenda nyumbani."

Nilikagua kila kitu. Seva ni nzima, diski ina nafasi, mtandao uko sawa. Nikaiagiza sistimu inionyeshe kila utafutaji unaochelewa. Unajua nilipata nini? Jina moja tu, kila mara: Ochieng' Oloo. Na hakuna mteja wa jina hilo.

"Akoth, huyu unamtafutia nini?"

Msichana akaanza kulia. "Si mimi. Ni yule mama anakujanga kumuulizia."

"Mama gani?" Mama Risper akafoka. "Mimi nakaa hapa siku nzima, sijaona mama!"

Nikajiambia ni kasoro ya kawaida. Nikatengeneza faharasa, ile njia ya mkato inayoipa kompyuta jina bila kupekua wateja wote. Nikajaribu majina, hata hilo la Ochieng'. Pap! Pap! Yote yakajibiwa papo hapo. Nikajua kazi imekwisha.

Alasiri mvua ikashuka, mvua ya kweli. Nilikuwa kaunta na Akoth, Mama Risper kando yetu, alipoingia mwanamke mzee. Niamini: nguo zake zilikuwa kavu, nywele zimejaa vumbi jekundu.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "niangalilie kama Ochieng' Oloo amekuja kuchukua betri."

Nikaliandika jina kwa vidole vyangu. Kompyuta zote dukani zikaganda. Kisha chini ya sakafu, mbali sana, nikasikia nyundo ikigonga mwamba. Ngo. Ngo. Ngo. Mama Risper akashika ukuta. Baadaye aliapa hakuona mtu yeyote pale, lakini nyundo aliisikia.

Yule mwanamke akainamisha kichwa, akasikiliza. Uso wake ukajaa furaha ambayo sijaiona tena kwa binadamu.

"Bado anafanya kazi," akasema. "Erokamano." Asante.

Akatoka nje kwenye mvua, na sikuona tone likimgusa. Nyundo ikanyamaza. Kompyuta zikaamka, yangu ikajibu: jina halipo.

Ndipo Mama Risper akatueleza. Kabla ya duka kujengwa, hapo palikuwa na shimo la dhahabu. Lilimfukia kijana Ochieng' Oloo, hakutolewa. Mama yake alikaa kando akimngoja mpaka naye akafa.

Akoth hakufukuzwa. Majina mengine yote sasa hupatikana haraka. Hilo moja hukwama hadi leo kila yule mama akija kuliulizia, na mwenye duka amenikataza kuligusa. Mimi nami siku hizi siifungui seva ya mtu kabla ya kuomba Mungu.

Kwa hivyo wewe unayekaa kaunta, kompyuta ikiganda, usikimbilie kuizima. Inua macho kwanza uone ni nani amekuuliza.