Usimege Kabla Jina Lako Halijatakata

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa haihusiani sana na ninalotaka kukuambia. Ni siku niliyong'olewa jino. Bruda wa misheni, Mzungu mmoja mwenye ndevu zinazonuka tumbaku, alikuwa na koleo moja tu, na watu walisema ndiyo hiyo hiyo aliyong'olea misumari. Sijui. Mimi nililia kabla hajanigusa. Aliyenishika kichwa alikuwa Otmari, mtoto wa baba yangu mkubwa, kijana tayari mwenye mabega. Akaniinamia sikioni, "Huyu haelewi Kimatengo, mdogo wangu. Mtukane tu, maumivu yatapungua." Nikamtukana bruda matusi yote niliyoyajua. Bruda akatabasamu, akidhani nasali. Jino likatoka.

Nasema haihusiani, lakini mawazo ya mzee ni kama mbuzi, ukimfunga huku atakula kamba atokee kule. Nikimkumbuka Otmari alivyocheka siku ile, siwezi kukaa kitini. Nainuka, natazama nje, narudi. Acha nikusimulie, labda nitatulia.

Zama zile za Mwingereza kahawa ilikuwa imeshashika milima yetu. Mtu alilima mahindi na maharage ya kula, na kando ya nyumba mibuni ya kuuza. Pale Matiri palikuwa na kituo cha kununulia kahawa, na Otmari, alipokuwa mtu mzima mwenye mke, ndiye aliyesimama kwenye mizani. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba magunia. Watu walikuwa wanasema ukipimiwa na Otmari huna haja ya kutazama mshale, kaa chini upumzike. Karani wa ghala alikuwa Severini. Huyu alimwoa dada yetu wa ukoo, kwa hiyo alikuwa shemeji, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Msimu mmoja, ikasemwa mkaguzi anakuja. Severini akaingia ghalani kuangalia, akakuta magunia yamepungua. Hofu ikamshika. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Akatoka nje jasho linamtiririka, foleni ya wauzaji imejaa, akanyoosha kidole kwenye mizani.

"Muulizeni huyu! Mke wake kwao Ngumbo, kule ziwani. Kila mwezi anateremka. Mnadhani anateremka mikono mitupu? Mwizi wa kahawa yenu huyu hapa!"

Otmari alikuwa bado ameshika jiwe la mizani. Mimi nilidhani watu watamzomea Severini, maana Otmari walimjua. Hawakumzomea. Mama mmoja akavuta gunia lake karibu na miguu yake. Na wa pili akavuta. Foleni nzima nikaisikia inakwaruza chini. Hilo la kuvuta magunia ndilo lililomwumiza kuliko lile neno.

Mkuu wa kituo akamwambia aende nyumbani angoje. Msimu haujaisha, dereva wa lori akarudi kutoka Songea akasema magunia yapo kule, yamekaa salama, sisi wapakiaji ndio tulioyachanganya na mzigo wa mwanzo. Basi, ukweli ukajulikana. Lakini ulijulikana ofisini. Hakuna aliyesimama kwenye mizani kuwaambia watu. Na pale mizanini alishawekwa mtu mwingine. Otmari alipouliza kazi yake akaambiwa, "Tutakuita." Mpaka leo hawajamwita.

Tuliteremka naye Ngumbo kununua usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Mwuzaji, mama mwenye maneno, akamwona kwa mbali.

"Karibu shemeji! Leo umetuletea kahawa ya nani?"

Wenzake wakacheka. Otmari naye akacheka, kwa sababu shemeji hutaniwa. Lakini hakununua kitu. Tukapanda mlima vikapu vitupu.

Tangu hapo hakutulia. Alianza kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, akaacha jembe limesimama, akaenda kwenye mibuni, akarudi. Ukimsemesha anajibu swali ambalo hukuuliza. Akaniambia, "Nitafungua shauri barazani. Simtaki Severini kitu. Namtaka arudi pale pale kwenye mizani, watu wakiwepo, aseme kwamba alisema uongo. Basi."

Na ilikuwa haki yake. Baraza la jumbe lilisikiliza mashauri ya mtu kuchafuliwa jina, na asiyeridhika aliweza kupanda mpaka Songea kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Lakini sisi tulikuwa na sengu. Ninyi hamkuiona. Ni pale wanaume wa ukoo walipokula pamoja, na wakila ndipo wanaamua mambo yao. Babu Kanisius, aliyekuwa mkubwa wa sengu yetu, akakataa.

"Shemeji hashtakiwi. Mnataka dada yenu arudi na watoto? Aitwe, aje ale, yaishe."

Severini akaja na mbuzi. Akapiga magoti, akalia, na yalikuwa machozi ya kweli, simsingizii. Otmari akamwuliza neno moja. "Na kituoni utasema?"

"Kaka, nikisema kule, na mimi nitafukuzwa. Nina watoto."

Ugali ukaletwa. Kwetu mliopatanishwa hamwezi kula mpaka aliyekosewa amege kwanza. Mikono yote ikangoja. Otmari akautazama ule ugali mpaka ukaacha kutoa mvuke.

"Otmari," babu akasema, "unatutia njaa."

Watu wakacheka kidogo. Akamega.

Haikupita siku nyingi akaenda barazani hata hivyo, bila kuaga mtu, na mimi na wazee tukamfuata nyuma. Mzee wa baraza, mtu mfupi aliyejifunika blanketi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza.

"Mlikula?"

"Tulikula."

"Nani alimega kwanza?"

"Mimi."

Yule mzee akasema, "Basi sina shauri hapa, mwanangu. Aliyemega amesamehe." Halafu akawageukia wazee wetu, na sijasikia wazee wakikemewa vile tena. "Lakini ninyi! Matope yalirushwa kituoni, ninyi mkaenda kuyanawia senguni. Waliomwona amechafuka, nani kati yao amemwona ametakata? Mmemlisha huyu ili mlale ninyi."

Babu Kanisius akatazama vidole vya miguu yake.

Nje nikamwambia Otmari bado Songea ipo. Nikamkimbilia yule mama aliyekuwa wa kwanza kuvuta gunia, alikuwa pale na shauri lake la mipaka, nikamwomba aende kushuhudia. Akasema, "Nilisikia, ndiyo. Lakini si mmekula? Mimi nikaseme nini kwa Bwana Shauri?"

Sasa acha nikupe nasaha hapa hapa, maana nikifika mwisho huwa sina la kusema. Mwanangu, ukisingiziwa kazini, usikimbilie kupatana kwa sababu watu wanachoka na shida yako. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini waliolowa wanaweza kuambiwa nani aliyamwaga. Wakusanye waliosikia wakati bado wanakumbuka, kabla hawajaona aibu. Dai kazi yako mapema, usiridhike na "tutakuita". Siku hizi kuna mahakama na watu waliosomea sheria, waulize upesi, kwa sababu shauri nalo huchacha likikaa. Na kusamehe, samehe. Mimi siyo mtu wa kukufundisha chuki. Lakini msamaha wa moyo na usafi wa jina ni vitu viwili. Neno lirudishwe lilipotupwa, mbele ya wale wale, ndipo unawe mikono ule. Anayekuambia umege kwanza, hata awe babu yako mwenye mvi, mwambie kwa heshima, "Shikamoo babu, nitangoja." Mungu akulinde na kidole cha mwoga, akupe jirani atakayesema nilisikia, na jina lako lifike kila mahali kabla yako, likiwa safi.

Tulikuwa tunarudi. Wazee mbele, hawasemi, Otmari na mimi nyuma. Tukafika njia panda, mkono mmoja unakwenda nyumbani, mwingine unashuka ziwani. Akasimama kufunga kamba ya kiatu, au alijifanya. Akasema, "Tangulia, mdogo wangu." Nikatangulia. Nilipogeuka alikuwa ameshashika njia ya ziwani, anakwenda kama mtu aliyechelewa kazini. Ngumbo, kwa wakwe zake, hakufika. Mke wake alingoja, nasi tukangoja. Hakurudi.