Kufuli la Msichana wa Isebania

Ilianza Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana, muhula wa pili wa mwaka 1997. Nilikuwa Form Two katika shule ya bweni ya wasichana, Migori. Wasabato walikuwa kanisani, bweni lilikuwa nusu tupu, na msichana wa Isebania akaniita kutoka kitanda cha dirishani.

"Nyar Rangwe, njoo basi. Ama unaogopa hata mahindi?"

Nyar ni binti, kwa Kijaluo, na Rangwe ndiko kwetu. Yeye si Mjaluo, lakini alipenda kuniita hivyo akilivuta neno ili wenzake wacheke. Mimi nikichekwa hufa ulimi. Nikaenda.

Mchezo ulikuwa wake. Kaka yake aliucheza kwenye kompyuta chuoni, naye akauchora upya kwenye karatasi ya manila: miraba mingi, mto katikati, daraja moja. Kila mchezaji anaanza na punje nne za mahindi, hao ni wakulima wake. Mnacheza kwa zamu. Mkulima ukimwacha shambani, baada ya zamu mbili anazaa mwingine. Ukirudisha wakulima wawili, unapewa haragwe moja, na huyo ni askari. Askari hazai. Askari wako wakikanyaga daraja kwenda kwa mwenzako, wote pamoja wanakula mkulima wako mmoja kila zamu, na ukikosa cha kuwalisha anaondolewa askari mmoja kila zamu. Anayelinda mdomo wa daraja upande wake anahesabiwa kama wawili, na wavamizi hawapiti mpaka wawe wengi kuliko hesabu hiyo.

Ukishindwa unafungua sanduku lako, mshindi anachagua kitu kimoja. Atakaa nacho hadi umshinde. Hapo utarudishiwa chako, na wewe uchague kimoja chake.

Mimi nililima. Ilinipendeza kuona mahindi yakijaa miraba, nikasahau kabisa maharagwe. Zamu ya sita askari wake watano walivuka, wakafagia shamba langu lote huku akiimba.

"Mkulima! Askari wako wako wapi? Wameenda kupalilia?"

Wengine walikuwa wamepoteza sabuni au sukari. Yeye alipekua sanduku langu hadi chini ya nguo za ndani, akatoa daftari langu la kumbukumbu.

"Hii."

"Hiyo ni karatasi tu," nilisema.

"Basi usilie."

Jumapili baada ya chakula, Wasabato wakiwepo ili pasikose hata mtu mmoja, alisimama juu ya kitanda na kusoma kurasa mbili za kwanza. Kwamba nikijua jibu darasani, nalifanyia mazoezi chooni halafu sinyooshi mkono. Kwamba naogopa sauti yangu. Walicheka hadi kiranja akaja. Nilikaa nikihesabu kurasa, kwa sababu ukurasa wa tano haukuwa wa kuchekwa. Hapo niliandika nilichokiona Homa Bay likizo ya Aprili: baba yangu, ambaye nyumbani husema analala kazini, akitoka katika nyumba ya mwanamke mwingine, na mtoto mdogo akimkimbilia na kumwita baba. Sikuwa nimemwambia mama. Na kwenye kitanda cha mlangoni alilala msichana wa kwetu Rangwe, ambaye mama yake anauza nyanya meza moja na mama yangu. Ukisomwa, mama angeusikia sokoni.

Wiki nzima sikuwaza hesabu wala Kiingereza. Niliwaza vile nitamvamia. Jumamosi iliyofuata nilikaa mbele yake, na mara tu wakulima wangu walipofika wanane niligeuza sita kuwa askari watatu, nikawapeleka darajani. Alikuwa ameiona hasira usoni kwangu kabla sijashika punje. Aliweka askari wawili tu mdomoni mwa daraja, wakahesabiwa wanne, kisha akaendelea kulima akipiga miayo. Watu wangu walisimama darajani wakila. Mkulima wa kwanza akaliwa, wa pili akaliwa, kisha askari wenyewe wakaondolewa mmoja mmoja.

"Leo nyar Rangwe amekuja na jeshi la njaa," alisema. "Wapeni uji jamani."

Alichukua sabuni yangu. Jumapili alisoma ukurasa wa tatu na wa nne.

Kabla ya Jumapili nyingine ukafika wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, nikaenda nyumbani. Mtama wetu ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wameushukia. Shangazi alikaa kwenye kichanja cha miti akiwa na kombeo, mimi na mama tuling'oa njugu kando yake. Lakini mimi kila nikiona ndege wameinuka niliacha njugu, nikakimbia na kuwarushia udongo. Kila ndege nilimpa uso wa yule msichana.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "hao ndege wamekukosea nini? Shangazi yako anatosha pale juu. Shika kazi, njugu zitaoza."

Baadaye, bila kuinua kichwa, akasema, "Baba yako anasema kazi imezidi Homa Bay. Hata wiki hii hatakuja."

Niling'oa njugu. Nilimtazama shangazi, mtu mmoja na mawe yake, na kule tulikotoka, mafungu tuliyorundika. Mtama ulipungua kidogo. Njugu zilijaa magunia mawili. Nikajua kosa langu lilikuwa wapi, mara zote mbili.

Niliporudi shuleni niliandika nyuma ya daftari la jiografia kila mchezo niliomwona akicheza. Daima alikuja na askari watano. Daima zamu ya sita. Kwa hiyo sikuhitaji jeshi, nilihitaji watatu tu wa kukaa mdomoni mwa daraja.

Jumamosi nililima zamu tatu bila kuinua macho. Zamu ya nne niliweka mmoja mdomoni mwa daraja. Ya tano, wawili zaidi. Ya sita alikuja na watano wake, akahesabu watatu wangu kuwa sita, akanitazama.

"Umefundishwa na nani?"

Angeweza kurudi kwake. Lakini wasichana walikuwa wamezunguka kitanda, na hakuwahi kurudi nyuma mbele ya watu. Akabaki darajani, askari wakila wakulima watatu aliobakisha.

Zamu ya tisa ningeweza kummaliza. Sikummaliza. Nilitaka akae pale. Niliongeza askari mmoja, nikalima. Nikaongeza mmoja, nikalima. Kila aliponiambia "Maliza basi, wewe," nilisema, "Zamu yako, dada." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kusikika na bweni zima. Lilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Zamu ya kumi na tatu alibaki na haragwe moja, nami nikaliondoa kwa kidole.

Alinirushia daftari. Ukurasa wa tano ulikuwa umekunjwa kona.

Alikuwa ameusoma. Alikuwa akiuwekea Jumapili.

"Chagua chako," alisema kwa sauti ndogo. Sandukuni kulikuwa na biskuti, mafuta ya nywele, sweta mpya. Nikainama, nikachomoa kufuli lenyewe pamoja na ufunguo wake. Bwenini, sanduku lisilo na kufuli halimalizi wiki.

"Hilo sio kitu cha ndani!"

"Liko kwenye sanduku." Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Ukiufungua mdomo kuhusu ile kona, utakaa wazi hivyo hadi Form Four. Ukinyamaza, tutacheza tena nikitaka."

Jumapili ile hakuna aliyesoma chochote, kwa sababu asubuhi yake, kabla ya kengele ya kwanza, niliketi kitandani, nikaweka daftari langu chini kabisa ya sanduku, nikalifunga kwa kufuli lake. Lililia, klik. Nilimwona akifungua macho. Nikalifungua, nikalifunga tena.