Betri ya Kwenda Igalula

Mapafu yangu yaliharibiwa na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, na mhusika namjua. Ni mdogo wangu, tumbo moja, ambaye kila ukifika msimu wa kukausha alijidai anaumwa kifua ili mimi nichochee kuni peke yangu. Jina lake siliandiki, akisoma atajijua. Leo kifua chake kizima, na mimi ndiye napumua kwa mashine ya oksijeni, mpira puani. Mashine hiyo inataka umeme, na umeme wa kwetu Isevya tunaujua wenyewe.

Ndiyo maana nikanunua betri na inveta. Fundi mmoja wa Gongoni aliniwashia balbu mbili na televisheni, akajigamba: “Mzee, hii unaiwasha na chai ya asubuhi, mpaka magharibi inadunda tu.” Nikaamini. Siku umeme ulipokatika, mashine ilizima hata maharage hayajaiva jikoni.

Nilirudi kwake na bajaji, nahema. Akasema betri nzima, mashine yangu ndiyo mlafi. Hapo alisema kweli nusu. Betri ni kama pipa la maji: ukichota kwa kikombe linakaa, ukichota kwa ndoo linakwisha. Balbu ni kikombe, mashine yangu ni ndoo. Nusu aliyoificha ni kwamba pipa lenyewe lilikuwa kuukuu, tope limejaa chini, yeye kalifuta vumbi na kuliuza jipya. Nilimsema mbele ya wateja wake mpaka akanipa betri mpya kweli.

Hiyo mpya sikumwachia mtu anipimie. Nilikaa uani baada ya sala ya adhuhuri, nikaiunga na mashine yenyewe, saa nimeiweka pajani. Inveta ilianza kulia kuwa chaji imekwisha baada ya saa mbili na dakika arobaini. Nikauandika muda huo juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito.

Mwezi uleule binti yangu, anayeishi Igalula kwa mama yake, akaposwa. Mdogo wangu alikuja mbio.

“Kaka, nipe uwakala nimwozeshe mimi. Wewe kaa nyumbani upumue.”

“Kuni zangu hukutaka kunisaidia. Leo unataka kunisaidia binti?”

“Ukizimikia barabarani je?”

“Utanibeba. Una deni la kubeba.”

Kwenda Igalula ni saa moja, na kurudi saa moja. Zinabaki dakika arobaini za ndoa. Hofu yangu haikuwa barabara. Sheikh wa kule akishika hotuba ya ndoa, watu husinzia, wakaamka, wakamkuta bado anaozesha watu wa zamani. Nikampigia simu.

“Sheikh, mimi ni baba wa bibi harusi. Napumua kwa betri. Nina dakika arobaini tu.”

Akauliza: “Na umeme wa hapa ukiwepo?”

“Ukiwepo, hutubu mpaka alasiri.”

Haukuwepo. Tulipofika nyumba nzima ilikuwa kimya, hata redio. Mdogo wangu alibeba betri kutoka garini mpaka kwenye jamvi, mzigo wa kumtosha mwanaume, jasho likamtiririka ndani ya kanzu. Sitasema uongo, nilifurahi kumwona akitweta. Alipoitua aliikalisha vizuri, akanyoosha waya usikanyagwe. Hilo nalo naliandika.

Sheikh alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya betri, watu wakacheka. Akahutubu kama mtu anayekimbiza gari moshi. Zamu yangu ikafika. Nikaushika mkono wa kijana wa watu, nikavuta pumzi mpaka mwisho wa kifua, nikasema mwenyewe, kwa sauti yangu, neno kwa neno, kwamba nimemwozesha binti yangu. Akajibu amekubali. Vigelegele vikatoka chumba cha wanawake, na cha binti yangu nilikijua.

Sheikh akaitazama saa. “Thelathini na moja. Mzee, una dakika tisa za akiba.”

“Basi nileteeni pilau,” nikasema, “na mwambieni huyu mdogo wangu asinawe mbali. Betri bado nzito.”