Moja na Moja kule Oldonyo Sambu

Mimi niliyejijengea nyumba ya bati bila kukanyaga darasani, hakuna cha kunishangaza. Lakini juzi mwanangu alipoimba, "Moja na moja, mbili!" mgongo ulinisisimka.

Nilikuwa mdogo, Oldonyo Sambu, enzi za Mjerumani. Askari alikuja kuhesabu ng'ombe wetu. Baba mdogo alikataa, maana kwetu kuhesabu mifugo ni kuiitia kifo.

"Kwani moja na moja ni ngapi, mzee?" askari alimtania.

"Dume na jike? Subiri mvua, bwana, watakuwa watatu."

Watu walicheka. Askari naye alicheka, kisha akamlaza kifudifudi kwenye samadi mbichi.

"Sema mbili, nikuachie!"

"Tatu!"

Kiboko kilinuka mafuta. Askari alihesabu kwa sauti, na kwa kila nambari ngozi ilipasuka. Nilidhani nambari ndizo zinazokata, nikaziba masikio zisinifikie. Leo najua ulikuwa mkono tu.

Baba mdogo hakubadili jibu. Askari akaswaga ng'ombe wake mmoja kuwa faini, na ng'ombe huyo alikuwa na mimba. Jumla yake: viboko ishirini na tano, ng'ombe wawili.