Sare za Siku ya Wageni

Bodaboda ilikuwa imeshaiacha lami ng'ambo ya daraja la Sabaki, ikijipenyeza kati ya mikoma na miiba, na Viola hajaliona bado shamba anakopelekwa.

"Ukipiga chafya, mamangu, jua tumefika," dereva akasema.

Viola akapiga chafya. Mbele yao pilipili zimetanda hadi mtoni, nyekundu, nzuri kwa kutazama tu.

Viola alikuwa amezunguka sana. Amepika Lamu, amefua mashuka Watamu, na katika hoteli moja ya Malindi akajifunza Kiitaliano jikoni: kwanza matusi, kisha majina ya samaki, kisha yaliyobaki. Hoteli ilipofungwa, akaachana na chumba chake cha mtaa wa Barani, akaja huku kupika ugali wa vibarua.

Tsuma, nyapara, alimwonyesha stoo. Kati ya magunia na madumu ya dawa ya wadudu zilining'inia sare za shule, mashati ya samawati yaliyopigwa pasi.

"Kumbe watoto wa vibarua mnawasomesha!" Viola akasema.

"Tunawajali sana," Tsuma akajibu, bila kupepesa jicho.

Asubuhi yake Viola aliwaona hao wanaojaliwa. Walikuwa wameinama kwenye matuta pamoja na mama zao, maana kidole kidogo huchuma pilipili bila kuvunja tawi, na mwenye shamba, aliyekaa zake Mtwapa penye upepo, alilijua hilo vizuri. Alimlipa mama, na mtoto akaja kama nyongeza, mfano wa kitunguu cha bure sokoni.

Mmoja wao aliitwa Jedida, msichana wa miaka kumi na miwili, bintiye Fridah. Walitoka Mwingi mvua ilipowasusa, na tangu hapo wamekuwa wakifuata mavuno: vitunguu huku, tikiti kule, sasa pilipili. Kila walipohamia, Jedida akibahatika kupata shule, mwalimu alimtazama kimo, akamuuliza kitabu kiko wapi, akamrudisha darasa la tatu.

"La tatu nimelisoma mpaka naweza kulifundisha," alimwambia Viola, akisugua mikono kwa majivu ili moto wa pilipili upoe. "Mimi nataka tu kujua huko la nne wanaambiwa nini."

"Na zile sare za stoo?"

Jedida akacheka. "Anti, hata wewe umedanganyika! Zile ni za siku ya wageni."

Wageni wenyewe walikuwa wanunuzi kutoka Italia. Waliapa hawanunui pilipili iliyochumwa na mtoto, nao, kwa kuwa ni watu wa haki, walituma habari mapema kabla ya kuja kukagua. Siku hiyo ilipofika Tsuma aligawa sare zikinuka dawa, akawasukuma watoto shuleni, akawaagiza warudi adhuhuri waonekane wametoka kusoma.

Jedida alirudi akikimbia, kola imempanda shingoni.

"Anti! Mwalimu amenipa hesabu ubaoni, nikazimaliza zote. Amesema nije kesho, nikae la nne. La nne, anti! Ila mwenzangu wa dawati nimemliza. Niliazima penseli yake, nilipomrudishia akaishika, akajifuta jicho, pilipili ya vidole vyangu ikamchoma."

"Kesho?" Viola aliuliza.

Jedida akakimbilia mstarini. Wageni walikuwa wamewasili.

Bibi mmoja mwenye kofia pana alipita mbele ya watoto waliopangwa mstari, akasimama kwa Jedida, na Viola akaitwa atafsiri.

"Anauliza kama unaipenda shule."

"Naipenda. Mwambie aje na kesho, nami niende tena. Asipokuja tunachuma."

Tsuma akakohoa. "Mama Viola, mwambie mtoto anawakaribisha tena."

Viola alitafsiri neno kwa neno, hata lile la kuchuma, akalirudia polepole asije mtu akasema hakusikia. Bibi alisikia. Aliweka mkono kifuani, akacheka, akamfinya Jedida shavu, akasema watoto wa huku wana uchangamfu ambao kwao umepotea kabisa. Mwenzake alitazama saa, kwani walikuwa wameagiza mlo wa kamba-mti mjini Malindi, na kamba-mti hangoji. Wakaridhika na walichokiona, wakapeana mikono na Tsuma, wakaondoka. Walikuwa na masikio, na yote yalikuwa mazima.

Gari lao lilipotoweka, Tsuma alimwendea Fridah. "Fungasha. Mtoto wako ana mdomo."

"Na aliyeutafsiri?" Viola akauliza, mikono kiunoni. "Nifungashe pia?"

"Ukiondoka wewe, wakirudi nitasema nao kwa lugha gani? Nenda kapike."

Fridah alikuwa akikunja mkeka, akimgombeza binti yake bila kumwangalia. "Ungenyamaza, Jedida! Ungengoja tu!"

"Ningengoja nini, mama?"

Fridah aliendelea kukunja mkeka uliokwisha kukunjika.

Lori la mchanga lilikubali kuwabeba hadi barabara kuu. Kulikuwa na shamba la tikiti upande wa Garsen, walisema, na shule, kama ipo, watauliza wakifika. Jedida alimfuata Viola stoo akiwa amevaa gauni lake, akamkabidhi sare iliyokunjwa kwa ustadi.

"Mpe mfupi kunizidi. Mimi ilinibana." Akafika mlangoni, akageuka. "Anti, wewe umezunguka. Huko Garsen wageni huwa wanakuja?"

Nje dereva alipiga honi, na Jedida akakimbilia lori, akapanda juu ya mchanga karibu na mama yake.

"Mama Viola!" Tsuma aliita. "Zifue hizo sare, zipige pasi. Kesho inakuja familia nyingine, ina watoto wanne!"