Masanduku Kwenye Kadi ya Harusi

Naungama: wiki jana nilimdanganya mama wa kanisa letu. Nilikuwa nimechapa kadi ya harusi ya binti yake, kwa Kikamba, kwenye kompyuta ya Nairobi. Nikaileta hapa mjini Wote kwa disketi, ila faili ya fonti, ile inayobeba maumbo ya herufi, nikaisahau huko. Kompyuta ya duka la uchapaji la Wote haikuzijua ũ na ĩ zetu. Mahali pa kila moja ikachapa kisanduku.

Mama akaisogeza kadi mbali na macho, kisha karibu.

"Mwanangu, masanduku haya ni ya nini? Mimi namwoza binti, simziki!"

"Disketi imeingia vumbi, mama."

"Vumbi gani hilo linalochagua herufi?"

Watu wa kaunta walivunjika mbavu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama akachomoa biro kwenye kilemba, akaandika ũ ndani ya kisanduku cha kwanza, akanisukumia biro na rundo la kadi. Nilijaza kadi zote mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumamosi wageni wakasifu: "Kadi imerembwa!"

Ndugu msomaji, ukibeba maandishi kwa disketi, tafadhali beba na fonti yake. Ukisahau, sema umesahau.