Firimbi ya Watu Watano

Callistus wa Mundika alikuwa mwendesha baiskeli mwenzangu hapa mpakani Busia, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko magurudumu yake. Miaka ile ya sabini tulivusha abiria na mizigo hadi upande wa Uganda. Mwenyekiti wetu, Mzee Egwang, alitawala peke yake. Akiona wanajeshi wa ng'ambo wamechafuka, alipuliza firimbi, sote tukarudi. Hakuuliza mtu. Siku nyingine tulilala njaa kwa hofu yake tu.

Mwaka wa 1977 Callistus alichoka. "Huyu mzee amejifanya rais. Tuweke baraza, watu watano, wote sawa. Firimbi ipulizwe watatu wakikubali."

Tulipiga makofi. Hata mimi, mjinga mkubwa, niliinua mkono. Egwang akavua firimbi shingoni, akamkabidhi Callistus, akaenda kupanga foleni kama sisi.

Baraza lilianza vizuri, siwezi kudanganya. Zamu zilikuwa za haki. Ramathan, mmoja wa wale watano, alipopuliza firimbi peke yake, Callistus alimsimamisha kazi siku tatu. Sheria ni sheria, alisema.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, Okedi alikuwa njiani kuvuka na gunia la chumvi. Okedi alikuwa rafiki ya Callistus tangu utotoni. Tukaona wanajeshi wakitoka kibandani na kuwaangusha waliotangulia. Kwa kelele za soko Okedi asingesikia mtu akiita, firimbi angesikia. Callistus aliishika mkononi.

"Puliza, boss! Mimi nakubali," Ramathan alisema.

"Tuko wawili. Methuselah ako wapi?"

Methuselah, naye wa baraza, alikuwa hotelini, anakunywa chai; wawili waliobaki walikuwa mbali na abiria. Callistus akakimbia kumwita. Waliporudi, Okedi alikuwa amepakiwa kwenye lori la jeshi. Hatukumwona tena.

Najuta mpaka leo, lakini majuto yangu ni madogo mbele ya yale ya Callistus. Nilimsindikiza kwa Mama Atyang, mamake Okedi, aliyemlisha Callistus sijui mara ngapi utotoni. Callistus alieleza yote, hakuficha kitu. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Mlikubali wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mlikuwa mnatafuta mmoja tu?"

"Ndio, mama."

"Si mngekuja mniulize mimi, Callistus? Mimi ningekubali."